Saa za Lindo Ambazo Hakuna Anayezilipa

Ukisikia watu wanabishana juu ya kima cha chini cha mshahara, kwenye daladala au kwenye kahawa, ubishi wote huwa ni namba moja: shilingi ngapi kwa mwezi. Nimefanya kazi ya ulinzi Dar es Salaam kwa miaka, na nimejionea kwamba mlinzi anaweza kulipwa namba hiyo kamili, hata ikazidi kidogo, na bado akawa anadhulumiwa kila siku inayokwenda kwa Mungu. Kampuni yangu ya kwanza ilinilipa shilingi 150,000. Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023, iliweka shilingi 148,000 kwa kampuni ndogo za ulinzi na 222,000 kwa zile kubwa na za kimataifa. Kwa hiyo bosi alikuwa amekivuka kima kwa shilingi elfu mbili nzima, na kila tulipolalamika alikuwa na jibu mfukoni: "Nendeni popote, mimi nalipa zaidi ya serikali."

Alisema kweli, ila aliruka kipande kimoja. Ile 148,000 ilikuwa malipo ya saa 45 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inataja saa za kawaida kuwa zisizozidi 45 kwa wiki, saa 9 kwa siku, siku sita. Kinachozidi hapo ni ovataimu, nayo inalipwa mara moja na nusu. Sisi tulikuwa tunaingia lindo saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi, siku sita kwa wiki. Hizo ni saa 72.

Nilikuwa nalinda jengo la kupangisha Mikocheni, na aliyenifumbua macho ni mpangaji mmoja, dada aliyekuwa akifanya kazi idara ya utumishi kwenye kampuni nyingine kabisa. Alikuwa anarudi usiku, ananisalimia, anaingia. Siku moja aliniuliza kama wanatulipa ovataimu kwa benki au mkononi. Nikamwambia hatulipwi kabisa. Alisimama pale getini, akaniuliza tena kama vile hakusikia. Kesho yake akanirushia sheria nzima kwenye simu. Kurasa nyingi, Kiingereza cha kimahakama, lakini mlinzi wa usiku ana kitu kimoja ambacho mwanasheria hana, nacho ni muda. Nilisoma kipengele kwa kipengele, nisichokielewa nikamsubiri dada yule arudi.

Hesabu niliipiga kibandani, nyuma ya karatasi ya kalenda ya mwezi uliokwisha. Saa 45 kwa wiki, ukichukua mwaka una wiki 52 na kugawa kwa miezi 12, unapata saa 195 kwa mwezi. Gawa 150,000 kwa 195, saa yangu moja ni kama shilingi 769. Mara moja na nusu ni 1,154. Saa za ziada ni 27 kwa wiki, 117 kwa mwezi. Ukizidisha unapata shilingi 135,000. Bado kuna posho ya usiku: kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi kila saa ina nyongeza ya asilimia 5. Hiyo kwangu ilikuwa haipungui shilingi 10,000 kwa mwezi. Nikajumlisha mara mbili kwa sababu sikuamini. Mshahara wangu ulipaswa kuwa karibu 295,000. Nilikuwa nalipwa nusu.

Tena hapo sijagusa Jumapili na sikukuu. Sikukuu ya umma ukifanya kazi unalipwa mara mbili. Idd, Krismasi, Mwaka Mpya, Saba Saba, zote nilizila lindoni kwa bei ile ile ya siku ya kawaida.

Nilipompelekea karatasi ile supavaiza wetu, ambaye sote tulimwita afande ingawa jeshi alilijua kwa mbali tu, aliisoma, akaikunja, akanirudishia. "Mlinzi hana ovataimu," akasema, "mlinzi ana zamu." Kauli hii nimeisikia tangu hapo kwenye kampuni nyingi, na kwa maneno yale yale, utadhani wote walisoma darasa moja. Kwenye sheria haipo. Sheria inawatoa kwenye masharti ya saa za kazi wale wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Mlinzi wa getini hayumo humo kwa tafsiri yoyote ile.

Lakini nataka kumtendea haki bosi, maana nilikuja kuelewa kwa nini kila kampuni inafanya hivyo. Lindo moja la usiku na mchana ni saa 168 kwa wiki. Ukifuata saa 45 kwa kila mtu, lindo hilo linahitaji walinzi karibu wanne. Kampuni inaweka wawili, na mmoja wa kuzungukia malindo kuwapumzisha wenzake. Mteja anapokusanya bei kutoka kampuni tano anachukua ya chini, na ya chini haiwezi kuwa ya chini bila mtu fulani kufanya kazi bure. Mwenye jengo analijua hilo, au angelijua akigawa tu namba mbili. Ninaposikia watu wanalaumu kampuni za ulinzi peke yake huwa nashangaa, kwa sababu kwenye mikataba ile wapo wateja wenye mawakili wao, na hakuna anayeuliza bei hiyo imetoka wapi. Na hata ukiilipa ovataimu yote, sheria inasema isizidi saa 50 ndani ya wiki nne. Sisi tulikuwa tunafika 108. Hakuna namna ya kuendesha mtindo ule kihalali, ulipe usilipe.

Kilichonisukuma kwenda kudai hata hivyo hakikuwa ovataimu. Ilikuwa pampu ya maji. Iliibwa nyuma ya jengo usiku wa mvua, mimi nikiwa getini, mtu mmoja kwa jengo la pande nne. Mwisho wa mwezi nikakuta wamekata shilingi 80,000. Tulikuwa tunalipwa mkononi, kwenye bahasha, na ndani ya bahasha kulikuwa na kikaratasi kimeandikwa kwa kalamu: "Pampu." Neno hilo tu. Pamoja na yale makato ya kila mwezi ya kombati na buti, nilibaki na hela ambayo haikufika kwa mwenye nyumba wangu Mbagala.

Kuhusu makato sheria imenyooka kuliko sehemu nyingine zote. Mwajiri hawezi kukukata kwa ajili ya kitu kilichopotea au kuharibika mpaka kiwe kimepotea ukiwa kazini na kwa uzembe wako, akuandikie sababu na kiasi, akupe nafasi ya kupinga, na hata ukikubali, makato yote hayo yasizidi robo ya mshahara. Robo ya 150,000 ni 37,500. Mimi sikuandikiwa barua, sikuitwa, sikuulizwa. Kikaratasi cha "Pampu" nilikihifadhi pamoja na kitambulisho cha NIDA, na baadaye kilifanya kazi kubwa kuliko maneno yangu yote.

Hapa niseme kuhusu ushahidi, maana ndipo wengi wanapokwama. Mkataba sikuwa nao. Siku ya kuajiriwa tulisaini karatasi, wakaichukua, wakasema nakala tutapewa, na hiyo "tutapewa" wenzangu wengine wanaisubiri hadi leo. Nilidhani bila mkataba sina kesi. Kumbe ni kinyume. Sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi: kazi gani, mahali gani, saa ngapi, mshahara kiasi gani. Ikitokea kesi na mwajiri akashindwa kuyaleta, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira unakuwa wake. Anatakiwa pia kutunza kumbukumbu hizo kwa miaka mitano baada ya mfanyakazi kuondoka. Kwa hiyo ukimwambia mwamuzi kwamba uliahidiwa hivi, na mwajiri hana karatasi ya kukupinga, hasara ni yake.

Na saa? Saa zilikuwa kwenye OB. Kila lindo lina kitabu cha matukio, daftari kubwa lenye jalada gumu, ambalo kila mlinzi anaandika akiingia na akitoka. "Saa 12:00 jioni, nimepokea lindo kutoka kwa zamu ya mchana, hali ni shwari, rungu 1, tochi 1, funguo 4." Asubuhi unaandika tena unapokabidhi, na supavaiza akipita usiku anaweka sahihi yake na saa aliyopita. Kitabu kile wanakipenda kwa sababu kinamshika mlinzi aliyelala. Hawakuwahi kufikiri kwamba kinaonyesha pia, kwa mwandiko na sahihi ya afande mwenyewe, kwamba nilikuwa pale saa 12 kila siku. Nilipiga picha kurasa kwa simu, taratibu, kila usiku kidogo.

Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi na ambayo kila mtu anaiita CMA, hailipishi ada ya kufungua mgogoro. Unajaza fomu namba 1, unampelekea mwajiri nakala, unahakikisha amesaini kwamba ameipokea, halafu unawasilisha Tume pamoja na uthibitisho huo. Mapokezi ya ofisini kwetu walikataa kusaini, nikaituma kwa EMS nikaambatisha risiti, ikakubalika. Kwenye hatua ya usuluhishi huhitaji wakili. Kinachohitajika sana ni kuwahi. Ukiachishwa kazi isivyo halali una siku 30 za kufungua. Madai mengine, ikiwamo mishahara na ovataimu, ni siku 60 tangu mgogoro ulipoanza. Walinzi karibu wote ninaowajua wanapanga kudai "siku nikitoka." Siku anayotoka, ovataimu za miaka yote nyuma zimeshachacha.

Ndiyo maana nilifungua nikiwa bado kazini, na ndiyo maana nilidai miezi miwili tu ya nyuma pamoja na pesa ya pampu. Wenzangu walinicheka. Wewe umefanya kazi miaka, unadai miezi miwili? Lakini niliona heri kudai kidogo kinacholipika.

Kwenye usuluhishi kampuni ilimleta afisa utumishi, kijana mstaarabu, amevaa vizuri, amejiandaa. Hoja yake ya kwanza ilikuwa kwamba tuko kwenye ule utaratibu wa kubana wiki ya kazi. Utaratibu huo upo kweli: mnaweza kukubaliana kufanya hadi saa 12 kwa siku bila ovataimu. Ila lazima yawe makubaliano ya maandishi, siku zisizidi tano kwa wiki, na saa za kawaida zibaki zile zile 45. Msuluhishi alimwomba karatasi. Hakuwa nayo. Akamuuliza siku ni ngapi kwa wiki. Kijana akasema sita, kisha akanyamaza mwenyewe bila kuambiwa.

Hoja ya pili ilikuwa na nguvu zaidi. Akasema kila zamu ina saa moja ya chakula, na saa ya mapumziko hailipwi, hivyo tuhesabu 66 na siyo 72. Sheria kweli inatoa dakika 60 za mapumziko baada ya kufanya kazi saa tano mfululizo. Nikamuuliza, "Kaka, hiyo saa moja nilipokuwa nakula, lindo alikuwa analishika nani?" Chakula nilikula na getini nikasimama, sahani iko juu ya kiti cha plastiki, mpangaji akipiga honi nakwenda kufungua na mdomo umejaa. Sheria inasema mapumziko hayalipwi kama mfanyakazi hatakiwi kufanya kazi wala kuwa tayari kwa kazi. Msuluhishi alitabasamu kidogo, lakini msuluhishi haamui, anawapatanisha tu. Mkishindwa kupatana mnakwenda kwa mwamuzi, na huko ni miezi.

Nilikubali hesabu ya saa 66. Ukikokotoa kwa saa 21 za ziada kwa wiki inakuja shilingi 105,000 kwa mwezi, 210,000 kwa miwili. Wakakubali kurudisha 80,000 ya pampu yote, kwa sababu kile kikaratasi kilikuwa mezani na hakuna aliyetaka kukieleza. Jumla 290,000, kwa awamu mbili. Makubaliano yakisainiwa mbele ya Tume yanakuwa na nguvu ya hukumu, ukikaidi yanapelekwa mahakamani kukazwa. Walilipa.

Wiki mbili baada ya awamu ya mwisho nikahamishwa lindo, kutoka Mikocheni kwenda Bunju. Anayeijua Dar ajue mimi nalala Mbagala. Nauli ya kwenda na kurudi, foleni, na kufika nyumbani saa 4 asubuhi kulala. Barua ya uhamisho ilikuwa safi, "kwa mahitaji ya kazi," huwezi kuishika popote. Dada yule aliniambia ningeweza kulipigania hilo pia. Labda. Nilikuwa nimechoka, nikatoa notisi yangu ya siku 28, nikadai likizo yangu iliyobaki na cheti cha utumishi, nikaondoka. Watu wanaosimulia haki za wafanyakazi huwa hawasimulii sehemu hii, nami sioni sababu ya kuificha: ukidai unaweza kulipwa na bado ukaondoka.

Mzee niliyekuwa nabadilishana naye zamu, yeye wa mchana mimi wa usiku, yalimkuta tofauti. Alifanya kazi pale kuliko sisi wote. Walipomwachisha alikaa kwanza, akaenda kijijini Kondoa, akarudi, ndipo akanipigia. Siku 60 zilikuwa zimepita zamani. Kuna fomu namba 2 ya kuomba kusikilizwa nje ya muda, tukaijaza pamoja, lakini inataka sababu ya msingi ya kuchelewa, na "sikuijua sheria" siyo sababu inayokubalika. Ombi likakataliwa. Nilimpeleka NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, angalau tuangalie michango yake. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Kampuni ilikuwa inamkata kila mwezi, na kwenye mfumo michango yake ilikuwa na mapengo ya miaka. Wakachukua maelezo yake kwa ajili ya kumfuatilia mwajiri, kwa sababu deni hilo Mfuko wenyewe unaweza kulidai. Kila ninayekutana naye sasa namwambia aangalie michango yake leo, akiwa bado ana kazi na kitambulisho cha kampuni.

Namba za matangazo nazo zinatuchanganya sana. Mei Mosi ya 2025, sherehe zikiwa Singida, Rais alitangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kupanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Simu yangu haikupumzika: walinzi wa kampuni binafsi wanauliza laki tano zao zinaingia lini. Haziingii, hizo ni za serikalini. Oktoba mwaka huo huo ikatangazwa ya sekta binafsi, kutoka 275,060 hadi 358,322, kuanza tarehe 1 Januari 2026. Simu zikaanza tena. Nikawa naeleza kwamba ule ni wastani wa sekta zote, umechanganya benki, migodi, mashamba na wasaidizi wa nyumbani, na hakuna mtu anayelipwa wastani. Unafungua jedwali la amri yenyewe, unatafuta mstari wa sekta yako. Kwenye amri ya 2022, benki na taasisi za fedha ilikuwa 592,000, na msaidizi wa ndani anayelala kwa mwajiri, ile ngazi ya chini kabisa, 60,000. Na kabla ya hapo amri iliyokuwepo ilikuwa ya 2013, kwa hiyo mlinzi wa kampuni ndogo alikaa na kima cha shilingi 100,000 karibu miaka kumi, sukari ikipanda, nauli ikipanda, kima kimesimama. (Wa Zanzibar msinipigie, ninyi mna sheria yenu ya ajira, Namba 11 ya 2005, na viwango vyenu.)

Kampuni niliyopo sasa niliomba nakala ya mkataba kabla ya kuvaa kombati. Binti wa ofisini alishangaa, akasema hakuna mlinzi aliyewahi kuuliza, akaenda kutoa fotokopi. Kombati na buti hawakati. Mshahara unapita benki, na karatasi ya mshahara ina mstari wa ovataimu na mstari wa posho ya usiku, kila mwezi vinajazwa. Zamu bado ni saa 12, siku sita. Kikomo cha saa 50 kwa wiki nne hakizingatiwi hata hapa, na walinzi wanane tumeshawaandikia barua, tukaisaini wote. Jibu la utumishi ni kwamba wanazungumza na wateja kuhusu bei mpya.